Kabla hujashika zile pini za praktiko ya mwanga

Nyinyi mnaoanza mambo ya mwanga kupinda, kuna kitu nilijifunza kwa machungu: pembe zote zinapimwa kutoka kwa nomali, ule mstari wa digrii 90 na uso wa glasi, sio kutoka ukingo wa kibloku. Mimi kwa mtihani wa moku nilipimia ukingoni, nikachora grafu, sini i wima na sini r kwa ulalo (i ni pembe ya mwanga ukiingia glasi, r ni pembe yake ukishapinda ndani), pointi zote zikarundikana kona ya juu hazitaki kabisa kuelekea sifuri, na mimi nikalazimisha laini ianzie sifuri hivyo hivyo, gredienti ikaja chini ya moja na bado nikapeana karatasi. Na hiyo gredienti ndiyo inaonyesha glasi inapinda mwanga kiasi gani (refractive index), glasi ya kawaida ni kama 1.5 jameni!

Siku hizi nikisaidia watoto wa ploti yetu hapa Kayole naanza na tebo. Mwanga ukitoka hewani kuingia glasi, r lazima iwe ndogo kuliko i, kwa mfano i ikiwa 60 r inacheza karibu na 35, ukiona r imeipita i simama hapo hapo.

Pini ndizo zinakuonyesha njia ya mwanga kwa karatasi, kwa hivyo ziachanishe, sentimita tano hivi, halafu inama mpaka jicho liwe usawa wa karatasi uangalie miguu ya pini sio vichwa, maana pini ikilala kidogo tu kichwa kinakudanganya. Na chora ukingo wa kibloku mapema, kikisonga kabla ya hapo umeanza upya.

Sasa kwa nini unapinda? Fikiria mkokoteni wa Gikomba unatoka lami ukiingia matope kwa mshazari, gurudumu la kwanza kugusa matope linapunguza mwendo, lile lingine bado linakimbia, mkokoteni unageuka wenyewe. Ukiingia moja kwa moja magurudumu yote yanapunguza pamoja, haugeuki. Mwanga hewani ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa glasi unashuka mpaka kama 200,000, gawanya uone hiyo 1.5 inatoka wapi.

Huna lab? Weka shilingi kumi ndani ya sufuria, rudi nyuma mpaka ukingo uifiche, mtu amwage maji polepole, itaibuka. Ukichungulia kutoka juu kabisa maji ya sentimita 12 yanakaa ya 9. Mamangu alirudia mara tatu akidhani nimeisukuma na kidole.