Wanafunzi wanafaulu karatasi, wodini wanakwama

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa chuo cha uuguzi. Tumebadilisha mtaala, matokeo ya mitihani yamepanda vizuri tu, lakini masista wa wodini wanalalamika wanafunzi wetu hawawezi kazi. Sasa tuamini nani?

JIBU: Mwalimu, waamini masista kwanza. Mtihani wa kuandika unapima anachojua mtu, haupimi anachofanya akiwa mbele ya mgonjwa, na hilo George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alilieleza vizuri mwaka 1990 kwa piramidi yake ya ngazi 4: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha, halafu juu kabisa anafanya kweli kazini. Nyie inaelekea mnapima zile 2 za chini tu!

Ngazi ya tatu ina OSCE, ule mtihani wa vituo uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake miaka ya 1970, mwanafunzi anapita kituo hadi kituo, huku anapima presha, kule anamweleza mgonjwa dawa zake, na kila msimamizi ana cheklisti yake. Ya nne haina njia ya mkato, lazima aangaliwe wodini, tena zaidi ya mara moja, na hao hao masista wapewe fomu ya kumpima, maana wao ndio wanamwona kila siku.

Halafu msingoje wanafunzi wahitimu ndo mfanye tathmini ya mtaala. Kaeni kikao, chukueni kila lengo la mtaala mjiulize linafundishwa wapi na linapimwa wapi, likikosa jibu basi hapo ndo pa kuanzia, na masista waalikwe kwenye hicho kikao.