Tiki nne za kijani, bash mmoja

Mkuu, unasema umepima skripti yako kwenye sheli nne (programu zinazosoma na kutekeleza amri), bash, dash, ksh na zsh, na zote zimekupa tiki ya kijani. Huo mstari wako wa `for s in bash dash ksh zsh; do ./jaribio.sh; done` ufute kabla hujalala. Hiyo `$s` hujaitumia popote! Juu ya faili umeandika `#!/bin/bash`, mstari unaochagua sheli ya kuliendesha, kwa hiyo kila mzunguko anayekimbia ni bash yule yule. Ni kuita majina darasani, mtoto mmoja akaitika "nipo" mara nne.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo hivyo, na nikajigamba. Skripti yangu ya kusafisha nakala za zamani ilikuwa na `if [ "$hali" == "jaribio" ]`: ikiwa jaribio, orodhesha tu; la sivyo, futa. Majaribio yakapita yote. Kule kwenye seva ya Ubuntu, cron, ile inayoendesha amri kwa ratiba, ikaiita kwa `sh safisha.sh`. Ukiita hivyo, `#!/bin/bash` ni pambo tu, na `sh` ya Ubuntu ni dash tangu toleo la 6.10, mwaka 2006. Dash haijui `==`. Ikalalamika `unexpected operator`, ikarudisha 2 (namba ya kosa), `if` ikaona si kweli, ikashuka kwenye `else`. Ikafuta. `set -e`, inayosimamisha skripti amri ikishindwa, nilikuwa nayo, lakini haishughuliki na kosa lililo ndani ya sharti la `if`. Malalamiko yenyewe nilishayaelekeza `/dev/null`, shimo linalomeza kila kitu, maana napenda logi safi. Logi ilikuwa safi kweli. Diski pia.

Na yule fundi aliyenishauri "pima kwa bash iliyoitwa sh, hiyo ni POSIX tupu", yaani kiwango cha pamoja cha sheli bila nyongeza! Tupu wapi? Inabadili tabia kadhaa, lakini nyongeza kama `[[ ]]`, array (orodha ndani ya kigezo kimoja) na hiyo `==` inazimeza bila kukunja uso. Eti yeye hajawahi kupata tatizo. Angelipataje, wakati nililipata mimi?

Taja sheli mbele ya faili: `"$s" ./jaribio.sh`. Kisha weka jaribio moja ambalo lazima lianguke: `[ a == a ]`, kwenye faili lake peke yake, maana zsh hufia hapo hapo na `= not found`. Bash ikubali, dash na zsh zikatae. Zikikubali zote, hujapima kitu. Kwangu hilo ndilo la kwanza. Likipita kwenye dash, mengine hayaanzi.

Uliuliza pia kupanga folda na ripoti, sijui na nini kingine. Folda ziite upendavyo. Nioneshe kwanza dash ikianguka.