Beseni la Shangazi: Manjano yaliyogeuka damu

Mwangaluka, wasomaji wangu. Naandika nikiwa kibarazani kwangu Kitangiri, nguo zimetandazwa juu ya mawe, maana Mwanza Mungu alitugawia majabali kabla hajakumbuka kamba. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi nimefua nguo za watu miaka 22 katika nyumba ya wageni jirani na bandari, na za wanangu wanne juu yake. Tuanze na barua iliyonichekesha.

*Shangazi shikamoo. Mwanangu wa darasa la pili alijimwagia mchuzi wa sato kwenye shati jeupe la shule. Doa lilikuwa la njano. Nilipopaka sabuni ya mche likageuka jekundu kama damu, palepale, nikitazama. Mama mkwe alikuwepo, anasema nguo hiyo imechezewa na hataki mtu aiguse. Shati ndiyo hilo moja tu. Nifanyeje?*
*Mama wa Wawili, Igoma*

Marahaba mwanangu. Mwambie mama mkwe, tena kwa adabu zote, kwamba aliyelichezea shati ni wewe na mche wako wa sabuni. Mchuzi wako ulitiwa manjano, na manjano ni kinyonga. Yakikutana na kitu chenye magadi yanakuwa mekundu ya kahawia, yakikutana na ndimu yanarudi njano. Sabuni ya mche ina ukali wa magadi. Kama mkwe bado ana wasiwasi, koroga kijiko cha manjano kwenye maji, gawanya visahani viwili, kimoja tia povu la sabuni, kingine kamulia ndimu. Mkabidhi yeye mwenyewe ndimu akamue. Atapenda.

Sasa shati. Manjano hayakuja peke yake, yalipanda mgongoni mwa mafuta, na rangi yake hushikamana na mafuta kuliko maji. Kwa hiyo kwanza yafukuze mafuta. Chukua shati likiwa kavu, ligeuze ndani nje, tia matone matatu manne ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mgongoni mwa doa, ufikiche taratibu kwa vidole. Ukianzia upande wa ndani unalisukuma doa litokee lilikoingilia. Ukianzia juu unalizamisha. Acha robo saa, suuza kwa maji ya vuguvugu, kisha fua kama kawaida. Doa bado utaliona. Usikate tamaa na wala usilikimbilie kwa brashi ya viatu, najua unayo mkononi.

Kinachoyamaliza manjano ni jua. Anika shati likiwa bado bichi, doa likitazama juu, kuanzia saa nne mpaka jua lianze kupoa. Likikauka, linyunyizie maji. Siku ya kwanza litafifia, ya pili utakuwa unalitafuta, na likiwa sugu mpe siku ya tatu. Hapa kwetu jua halina bei, tulitumie. Ila kaptula ya bluu usiifanyie hivyo siku nzima, itapauka paja moja. Na pasi isiguse doa mpaka liishe kabisa.

*Shangazi, mimi nauza samaki Mwaloni, Kirumba. Kanga zangu na nguo za kazi zinaganda damu ya sangara. Nachemsha maji yanatokota, naloweka, nafua kwa nguvu zote, lakini madoa yanabaki kahawia na shombo haliondoki. Mwanangu ananikimbilia nikirudi, akinikaribia anaziba pua.*
*Mchuuzi, Kirumba*

Pole mama, na hongera kwa kazi. Tatizo lako ni sufuria. Ukipasulia yai kwenye maji yanayotokota, ute unafanyaje? Unaganda mweupe. Damu nayo ndivyo ilivyo, na maziwa ya mtoto, na ute wa samaki. Umekuwa ukiipika damu ndani ya uzi wa kanga, halafu unashangaa haitoki.

Maji baridi. Ukifika nyumbani, kabla hujakaa chini, tumbukiza nguo kwenye ndoo ya maji baridi yenye kiganja cha chumvi, uache nusu saa. Maji yakiwa mekundu yamwage, weka mengine, mpaka yatoke meupe. Magamba yaliyonata yaondoe kwa mgongo wa kisu, usiyafikiche maana yanakwaruza kitambaa. Hapo ndipo sabuni inaingia. Kwa yale madoa ambayo umekwisha yapika, kama nguo ni nyeupe, nunua duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dondoshea palepale penye doa, utaona povu linachemka bila moto. Likitulia, suuza. Kanga ya rangi usiijaribie mwili mzima. Anzia kwenye pindo, upande usioonekana.

Shombo ni jambo jingine. Sabuni peke yake hailiwezi, linataka kitu kichachu. Maji ya mwisho ya kusuuzia, tia ndimu mbili zilizokamuliwa au kikombe cha siki kwenye ndoo, loweka dakika kumi, kamua, anika. Uwe na beseni lako la kazi na usichanganye na nguo za mtoto. Na siku utakayotia ndimu au siki, jiki isikaribie ndoo hiyo. Vikikutana vinatoa hewa inayochoma kifua.

*Je, jiki haiwezi kutoa doa la kutu? Nilianika mashuka ya watoto kwenye waya. Nimeshaweka mara mbili.*
*Mwalimu, Buhongwa*

Haiwezi, na inalikaza zaidi. Suuza shuka mpaka harufu ya jiki iishe kabisa, ndipo ukamulie ndimu kwenye kutu, unyunyize chumvi juu yake, uanike juani, ukirudia kuilowesha kila ikikauka. Jioni fua. Waya wako uvishe mpira wa maji uliopasuliwa.

Nikigusia jiki lazima nijiseme mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini mgeni aliniachia shati jeupe, la kile kitambaa kinachovutika, kola imeingia jasho. Nikajiona fundi. Nikamimina jiki bila kupima, nikaenda kunywa chai. Niliporudi shati zima lilikuwa rangi ya karatasi za daftari la zamani, na kola ndiyo iliyokuwa nyeupe kidogo kuliko sehemu nyingine! Nilikatwa mshahara, na ilikuwa haki. Tangu siku ile nasoma kibandiko cha ndani ya nguo kabla sijafungua chupa: pamba nyeupe sawa, tena kwa kupima; sufu, hariri na vitambaa vya kuvutika, hapana.

*Dawa ya zambarau ya mdomo wa mtoto imemwagika kwenye foronya. Na kuna wino wa peni kwenye mfuko wa shati la baba yao.*
*Mama Pacha, Nyakato*

Vyote viwili vinataka spiriti. Weka kitambaa chakavu chini ya doa, dondoshea spiriti juu, gandamiza kwa pamba, hamisha kitambaa cha chini kila kinapopata rangi. Usisugue, utalitawanya. Fanyia nje, mbali na jiko. Zambarau ikishalala wiki nzima, foronya hiyo ifanye ya kulalia mtoto huyohuyo, yeye hajali.

*Shangazi, mama yangu mzazi yuko Ukerewe, anafulia ziwani. Nguo zake zinatakata kuliko zangu ninazofulia maji ya kisima, na sabuni ni ileile. Anasema ziwa lina dawa. Ni kweli?*
*Kijana wa Nansio, sasa Igogo*

Mama yako hajakosea sana. Maji ya ziwa ni laini, sabuni inatoa povu upesi. Visima vingi vina maji ya chumvi, na hayo yanaila sabuni kabla haijafika kwenye nguo, yanaacha utando mweupe unaofubaza rangi. Ukilazimika kutumia maji ya kisima, ongeza sabuni na usuuze mara tatu.

Lakini mtoe mama majini. Pale penye majani na konokono, miguu ikiwa ndani ya maji kwa saa nzima, ndipo kichocho kinapomwingilia mtu kupitia ngozi, na watoto wanaomfuata kuchezea povu wanakipata pamoja naye. Achote maji, ayabebe, na yakilala siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, wale wadudu wa kichocho wanakuwa wamekufa. Maji ya sabuni ayamwage huko juu kwenye udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisifanyiwe shughuli za kuharibu. Najua kubeba ndoo mita 60 si mchezo kwa mtu wa umri wake. Wewe uliyehamia mjini mnunulie mkokoteni.

La mwisho ni la dada wa Pasiansi aliyenitumia picha ya godoro la mtoto anayekojoa, akauliza amwagie jiki kiasi gani. Usimwagie hata kifuniko! Mkojo na jiki vikikutana hutoa moshi mkali, na mtoto atalalia hapo usiku. Gandamiza kwa kitambaa kikavu unyonye mkojo wote, pangusa kwa maji yenye siki kidogo, likinyauka paka magadi ya unga, ule wa kupikia, uache mpaka asubuhi, kisha ukung'ute. Halafu litoe juani, dada yangu, upande uliolowa ukitazama juu. Kwenye picha umelilaza kifudifudi.