Dambeli Majini, Juani na Melini: Namna ya Kuandaa Vifaa vya Mazoezi vya Mkononi

Dambeli, yaani uzito wa mazoezi wa kunyanyua kwa mkono mmoja, ikiwa ya chuma ya kilo 10 na ukiizamisha majini, mkono wako unabeba kama kilo 8.6 tu. Ya zege yenye uzito huohuo inashuka chini ya kilo 6, kwa sababu kilo moja ya zege ni kubwa kwa umbo kuliko kilo moja ya chuma, kwa hiyo maji yanaisukuma juu zaidi. Kifaa ni kilekile, mahali ndipo palipobadilika. Kabla hujanunua chochote au kuanza kuzungusha tepu, jiulize mazingira yako yanakunyang'anya nini: uzito, mshiko, au uhai wa kifaa chenyewe. Wengi hukimbilia dambeli nzito zaidi, kumbe kinachowaangusha ni kiganja kinachoteleza.

Tuanze na maji, maana huko ndiko makosa ni mengi. Kifaa kinachofaa majini si kizito bali ni chepesi. Dambeli za sponji ngumu isiyonyonya maji zinataka kupanda juu, hivyo kazi yako ni kuzisukuma chini na kuzizuia zisirudi kwa kasi. Maana yake misuli inabadilishana zamu: ukikunja kiwiko kwa dambeli ya chuma nchi kavu, mbele ya mkono ndiyo inayofanya kazi, ukiwa na sponji majini, ni kunyoosha kiwiko kuelekea chini kunakochosha, na kazi hiyo inafanywa na misuli ya nyuma ya mkono. Programu ya nchi kavu usiihamishe majini kama ilivyo.

Ukikosa sponji, tumia dumu dogo la plastiki lenye mpini. Lita moja ya hewa iliyozama inakusukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 3 likiwa tupu ni kama kilo 3. Ukitia ndani lita 2 za maji, inabaki kama kilo moja. Anza na hiyo, kisha punguza maji nusu lita kwa nusu lita mazoezi yanapokuwa mepesi. Kifuniko kikazwe kwa mkono, kisha kizungushiwe tepu isiyopitisha maji, la sivyo dumu linajaa taratibu na ugumu unapungua bila wewe kujua. Usitumie dumu la lita 5 au zaidi kwa mkono mmoja. Likichomoka, linaruka juu kwa kasi na kukupiga kidevuni.

Ugumu mwingine unatoka kwenye kasi. Ukiongeza mwendo wa mkono mara mbili, maji yanakukinza kama mara nne. Huo ni mtaji mkubwa kwa anayetaka kuongeza mzigo bila kubadili kifaa, lakini pia ndio unaotegua mabega ya wenye papara. Kifaa kibaki chini ya uso wa maji muda wote. Kikitokeza nje katikati ya mwendo, upinzani unakatika ghafla na kiungo ndicho kinachobeba mshtuko.

Melini hali ni nyingine. Chombo kikienda mrama, uzito wa dambeli haubaki uleule. Sitaha ikipanda kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde mraba, kilo 10 zinakuwa kama 12 mkononi. Ikishuka hivyohivyo, zinakuwa kama 8. Mtu aliyenyoosha mikono juu ya kichwa hana nafasi ya kusahihisha. Kwa hiyo kaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, na usinyanyue chochote kupita usawa wa macho bahari ikiwa imechafuka. Chagua dambeli zenye vichwa vya pembe sita, kwani za mviringo zinabingirika, na kila baada ya seti ziweke ndani ya kreti iliyofungwa ukutani. Mikanda ya mpira inafaa zaidi hapo: upinzani wake unategemea umeuvuta kiasi gani, wala haujali sitaha inaelekea wapi.

Hata angani wamefuata njia hiyo. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako chuma hakina uzito wowote wa kunyanyua, wanaanga hutumia mashine iitwayo ARED inayopata ugumu wake kutoka kwenye silinda zenye ombwe, yaani zilizoondolewa hewa, hadi kufikia kama kilo 272. Iliyoitangulia ilitegemea mpira.

Lakini mpira una maadui wake, na hapa ndipo watu wanapoumia. Mpira wa asili unaliwa na jua, joto, mafuta na gesi ya ozoni. Ozoni hupasua mpira uliovutwa, na nyufa zake hukatiza mkanda kutoka ukingo hadi ukingo. Ndiyo maana mkanda ulioachwa umefungwa mlangoni ukiwa umekaza hufa mapema kuliko uliokunjwa kabatini. Usiuweke karibu na mota za umeme wala mashine za kuchomelea, kwani hizo huzalisha ozoni. Mafuta ya kupaka ngozini nayo huuvimbisha na kuulegeza, kwa hiyo futa mikono kwanza.

Ukaguzi unachukua nusu dakika. Upinde mkanda juu ya kidole gumba, hatua kwa hatua kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mahali penye mwanga wa kutosha. Ukiona vistari vyembamba kama nywele, au rangi imepauka na uso unanata, ukate vipande viwili papo hapo ili mtu mwingine asije akauokota na kuutumia. Usivute mkanda kupita mara mbili na nusu ya urefu wake, na usisimame uso ukiwa umeelekea mahali ulipofungwa. Kwa kazi nzito, tumia mikanda miwili myembamba badala ya mmoja mnene. Mmoja ukikatika, mwingine unabaki mkononi. Baada ya mazoezi ioshe kwa maji safi, ianike kivulini, ipake poda kidogo, kisha iweke kwenye mfuko usiopitisha mwanga.

Kwenye jua kali, chuma kilichoachwa wazi kinaweza kuunguza kiganja. Kifunike kwa kitambaa cheupe, kisha vika mpini tepu ya pamba. Ondoa mafuta kwa spiriti, acha pakauke, anza mwisho mmoja na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Tepu ya unene wa milimita 0.3 ikizungushwa hivyo inaongeza kipenyo kwa milimita 1.2 hivi, kwa hiyo mpini wa milimita 28 unafika kama 29 kwa safu moja na 30 na ushei kwa mbili. Ishia hapo. Mpini ukipita 35 hivi, kwa mikono mingi vidole vinachoka kabla ya misuli uliyokusudia. Tyubu ya baiskeli hushika vizuri penye baridi kiasi, ila kwenye joto kali hunata na kuacha weusi mikononi.

Penye vumbi na mchanga, tatizo liko kwenye dambeli za kufungua na kufunga. Usipake grisi kwenye meno ya skrubu. Mchanga unaingia humo, unageuka msasa, na baada ya muda nati haikazi tena vizuri. Safisha kwa mswaki mkavu, halafu paka unga wa grafiti au nta kavu. Kagua pia kile kipira kilicho ndani ya nati: kikikauka na kuwa kigumu, nati inalegea kila unaposhusha dambeli, na sahani ya chuma inadondokea mguuni. Kaza tena kabla ya kila seti.

Kwenye baridi kali mpira unakuwa mgumu, kwa hiyo upashe moto kidogo chini ya nguo kwa dakika chache kabla ya kuuvuta. Chuma kinachotoka nje ya baridi kuingia chumba chenye joto hutokwa na umande. Kikaushe mara moja, pamoja na pale mpini unapoingia kwenye kichwa, maana kutu huanzia humo.

Kwenye hewa ya chumvi, kutu haina subira. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, na ukiona doa la kahawia lisugue kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane kinang'aa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Mpini uache bila rangi, kwa sababu rangi hubanduka na kuteleza kwenye jasho. Upake nta nyembamba na kuufuta hadi usiteleze. Springi za kubana kwa kiganja zinahitaji uangalifu zaidi, kwani jasho hujificha kati ya mizunguko yake. Zipanue, zisuuze na zianike zikiwa zimening'inia, sio zimelala.