Zipu ya begi la shule inaachia: nishonee au ninunue jingine?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Binti yangu anaingia darasa la nne Januari na ananiomba begi jipya. Alilo nalo lina miaka miwili. Zipu kubwa ukiifunga inaachia nyuma, mkanda wa kulia umeanza kung'oka kule juu, na ndani kuna vitu vyeusi vinapukutika na kuchafua madaftari. Nikilipeleka kwa fundi si nitakuwa natupa hela?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Nzuri, mama. Katika hayo matatu, linalonitia wasiwasi ni mkanda peke yake.

Zipu inayofunga mbele na kuachia nyuma kwa kawaida meno yake ni mazima. Kilicholegea ni kichwa, kwa kuvutwa kila siku begi likiwa limejaa. Pitisha kidole kwenye meno yote. Kama hakuna lililong'oka wala palipopinda, badilisha kichwa tu. Kwa nyuma mara nyingi kina namba, 5, 8 au 10, na kipya lazima kilingane nayo. Kukibana kwa plaizi husaidia kwa muda, ila ukizidisha kinapasuka. Fundi akitaka kufumua zipu nzima, mwombe kwanza akuoneshe jino bovu.

Sasa mkanda. Geuza begi ndani nje, utazame pale mkanda unapoingia kwenye mshono wa mgongoni. Kama uzi ndio uliokatika na kitambaa ni kizima, begi hilo bado lina maisha. Lishonwe kwa uzi wa nailoni, mshono wa mraba wenye msalaba katikati, na kwa ndani pawekwe kiraka cha turubai ili mzigo usivute sehemu moja. Lakini kama kitambaa chenyewe kimechanika kando ya mshono na nyuzi zimechambuka, kishike kwa vidole vya mikono miwili uvute kwa nguvu. Kikiachia, kimeoza, na jua ndilo huozesha sana. Hapo kila tundu la sindano ni mwanzo wa mpasuko mwingine. Niliwahi kushona begi la namna hiyo kwa sababu mzazi alinisihi sana. Lilirudi baada ya wiki mbili, mshono wangu mzima, kitambaa kimepasuka chini yake. Pesa ya yule mama iliniuma, na tangu siku hiyo sishoni kabla ya kuvuta.

Vinavyopukutika ni utando uliopakwa ndani kuzuia maji. Usilitupe begi kwa ajili hiyo. Sugua kwa brashi kavu mpaka uishe, kisha fundi akutilie bitana ya kitambaa kisichopitisha maji, maana bila utando masika yatalowesha madaftari.

Hukuniuliza kuhusu mgongo wa mtoto, lakini mimi huangalia hapo kabla ya zipu. Mvalishe begi likiwa na vitu vya siku yenye vipindi vingi. Chini lisishuke zaidi ya upana wa kiganja kupita kiuno, na akisimama asiiname mbele. Kisha mpime kwenye mzani akiwa nalo na akiwa bila. Wataalamu wengi hushauri mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kama ana kilo 28, ni kilo 2.8, na ikizidi sana 4.2. Kauntabuku nne au tano zina uzito, na chupa ya maji ya lita moja iliyojaa peke yake ni kilo. Wazazi wengi hununua begi kubwa ili "akue nalo". Naomba usifanye hivyo, kwa sababu begi kubwa hujazwa.

Kama la sasa limekuwa fupi kwake, mnunulie, na hilo likishatengenezwa limfae mdogo wake. Ukienda kununua, usiache meza za mitumba. Mengi ya pale yameshonwa vizuri kuliko mapya ya bei rahisi. Vuta mikanda mbele ya muuzaji, fungua na kufunga zipu mara kumi.

Ukiamua kutengeneza, lipeleke mapema Desemba. Wiki ya kufungua shule mafundi tunakesha na foleni ni ndefu, na mshono wa mraba hautaki haraka.