Gavana asiyepigiwa kura

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza inakuwaje mwanadiplomasia wa Uingereza apewe ugavana wa visiwa vya mbali, na kama hiyo kazi ya ubalozi uliyoitiwa mahojiano inaweza kukufikisha mahali pa kuongoza watu, au utazeeka ukihamahama tu.

Gavana wa namna hiyo si kama hawa wetu wa kaunti. Hapigiwi kura. Huteuliwa na ufalme, mara nyingi kutoka wizara ya mambo ya nje, akakaa miaka michache akaondoka.

Mchukue Rex Hunt. Alikuwa rubani wa jeshi, kisha mwaka 1951 akaja hapa jirani, Uganda, kuitumikia serikali ya kikoloni hadi akawa DC, mkuu wa wilaya. Uhuru ulipokuja 1962, kazi ile ikaisha, na mimi siisikitikii hata kidogo. Akaingia ubalozini: Brunei, Ankara, Jakarta, Saigon huko Vietnam, Kuala Lumpur. Miaka 17 ya kufunga na kufungua masanduku. Mwaka 1980 akapelekwa Stanley, mji mkuu wa visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, ambavyo Argentina hudai ni vyake na huviita Malvinas. Wakazi hawakufika 2,000. Gari lake la kazi lilikuwa teksi ya London.

Jioni ya tarehe 1 Aprili 1982 alizungumza redioni, akawaambia watu kwamba Waargentina wanakuja kuvivamia visiwa. Wanajeshi wake walikuwa kama 70. Alfajiri nyumba yake ikazingirwa, risasi zikalia kwa saa kadhaa. Magari ya deraya yalipokaribia, akawaamuru watu wake waweke silaha chini. Upande wake hakufa hata mmoja.

Hapo ndipo ninapomheshimu, mwanangu. Saigon alikuwako 1974 na 1975, mji ukielekea kuanguka. Nadhani hakuhitaji kuelezwa na mtu mji uliozidiwa nguvu ni nini. Huko Stanley, mkono wa kamanda wa Argentina aliyemshinda alikataa kuushika. Siku hiyohiyo akasafirishwa hadi Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, amevaa sare zake rasmi na kofia yenye manyoya ya ndege. Juni, Waingereza walipokwisha kuvitwaa tena visiwa, akarudi, lakini akaitwa kamishna, na jina la gavana hakurudishiwa hadi 1985.

Kwa hiyo nenda kwenye mahojiano. Nauli ya Nairobi nitakutumia kwa M-Pesa Ijumaa, na mama yako anasema uchukue sweta.

Baba yako