Kilo 6 zilitoka, zikarudi 8

SWALI: Naishi Majengo, Moshi. Nina miaka 38, kilo 86, urefu sentimita 160. Nilikunywa maji ya limau na tango na kula mlo mmoja kwa siku. Kilo 6 zikatoka kwa wiki tatu. Niliporudia chakula cha kawaida zikarudi 8. Nyumbani ni machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), wali, ugali, na chai ya maziwa mara tatu kwa siku. Niache ndizi?

JIBU: Ndizi usiache, dada. Sehemu ya zile kilo 6 ilikuwa maji: mwili ukikosa chakula hutumia kwanza akiba yake ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukila tena, maji yanarudi. Na kwa njaa ile huenda ulipoteza pia misuli, na hilo huweza kuufanya mwili utumie nguvu kidogo kuliko awali.

Anzia kwenye sufuria. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, nasi wengi tunamimina kutoka kwenye dumu kwa macho. Kwa watu wanne pima vijiko viwili tu. Kitunguu kikianza kushika, ongeza maji kidogo. Nyama ya machalari ichemshe jana yake, iache ipoe, kisha engua mafuta yaliyoganda juu ndipo uweke ndizi. Ukiweka parachichi mezani, robo yake inatosha, na siku hiyo punguza kijiko kimoja cha mafuta.

Kosa tunalolikuta sana Uchagani ni kuhesabu ndizi kama mboga, kisha pembeni unawekwa wali. Ndizi ni wanga. Robo ya sahani iwe ndizi, au wali, au ugali. Robo nyingine maharage, dagaa, mayai au nyama. Nusu yote mnafu, mchicha au kabeji. Mboga na maharage ndivyo vitakavyokushibisha hadi jioni, kwa hiyo usivibanie.

Chai: vikombe vitatu, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni kalori 140 na zaidi za sukari kila siku. Usikate ghafla, utashindwa. Punguza nusu kijiko kila wiki. Baada ya wiki nne utakuwa umebaki na kijiko kimoja, na ulimi umeshazoea.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Chumvi na hedhi huweza kuongeza kilo nzima ya maji, usikate tamaa. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na ukifika 81 tu, presha na sukari ya damu huanza kunufaika. Kama unameza dawa za kisukari au presha, mwone daktari kwanza, maana dozi huenda ikabadilishwa.

SWALI: Natembea saa nzima kila siku kutoka Sakina hadi mjini Arusha, mbona sipungui?

JIBU: Saa moja ya kutembea hutumia kalori 200 hadi 300. Soda ya nusu lita ina 200 hivi, na chapati moja ya kibandani mara nyingi huzidi hapo. Endelea kutembea, kaka, ila ukifika mjini kunywa maji.